Uchungaji na Kalamu: Niliyojifunza Usharikani Makete

Kitabu changu cha kwanza kilianza kwa ombi la mwinjilisti. Alihudumu katika mtaa wa mwisho wa usharika wetu huko Makete, ng'ambo ya bonde, ambako mvua zikikolea hata pikipiki haipiti. Mchungaji wa usharika ni mmoja, mitaa ni mingi, na maiti haingoji. Kwa hiyo mazishi mengi ya upande ule aliyaongoza yeye. Baada ya kikao kimoja cha wazee alibaki nyuma, akasubiri wenzake watoke, akaniambia: "Baba Mchungaji, ile familia ya kule juu nimeshawazikia watoto wawili, na mara zote mbili nimesoma Yohana 14. Sasa mama yao naye hali yake si nzuri. Wakiniita tena nitawaambia nini?"

Chuoni nilifundishwa kuchambua nyaraka za Paulo na kuandaa mahubiri ya Jumapili, lakini swali lile sikuwahi kuulizwa kwenye mtihani wowote. Mwinjilisti yule alikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo na kitabu cha ibada, basi. Usiku nikakaa mezani nikamwandikia kwa mkono neno la ukurasa mmoja kutoka Maombolezo 3, nikaongeza jingine kutoka Zaburi 90 na jingine kutoka Warumi 8. Asubuhi akaondoka na karatasi zile ndani ya Biblia yake. Haukupita muda mrefu, mwinjilisti wa mtaa mwingine akaja kuomba zake.

Asiyeishi kule miaka ile huenda asielewe kwa nini karatasi tatu zilikuwa jambo kubwa. Makete ni nchi ya baridi, juu kabisa kwenye Nyanda za Juu Kusini, jirani na uwanda wa Kitulo. Watu wanalima viazi, ngano na pareto, wanapanda miti ya mbao, na vijana wa Kikinga, kabila la huku, tangu zamani ni watu wa biashara. Utawakuta Makambako, Mbeya, hadi Kariakoo. Ukimwi ulipoingia ulipita njia hizohizo. Kijana aliondoka na mtaji mdogo, baada ya miaka akarudi amekonda ili auguzwe na mama yake, au akarudishwa kwenye jeneza, ndani ya gari lililosafiri usiku kucha kutoka Dar es Salaam. Serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo mwaka 2004. Kabla ya hapo sisi tulikuwa watu wa kuzika. Hata baada ya dawa kufika, utafiti wa kitaifa wa 2011–12 uliukuta mkoa wetu wa Njombe, ambamo Makete imo, ukiwa na maambukizi ya asilimia 14.8 kwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 49, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 5.1. Hakuna mkoa uliokuwa juu zaidi. Mimi tarakimu hizo nazisoma kwa sura za watu.

Ugumu wa mazishi yale haukuwa wingi wake tu. Ugonjwa wenyewe haukutajwa. Wasifu wa marehemu ulisomwa: alizaliwa, alisoma, alioa, "aliugua kwa muda mrefu", akafariki. Watu wote uwanjani walijua, na hakuna aliyesema. Nyuma ya ukimya ule kulikuwa na mambo mawili ambayo mhubiri alilazimika kupita katikati yake. Upande mmoja walikuwapo waliotaka niseme kwamba marehemu amevuna alichopanda. Upande wa pili walikuwapo waliokwisha kumtaja mchawi, mara nyingi shangazi au bibi mjane asiye na wa kumtetea, na walikuwa wanangoja tu kaburi lifunikwe. Neno moja la mchungaji likisemwa vibaya pale juu ya udongo mbichi linaweza kumfukuza bibi kizee kijijini.

Kwa hiyo nilipokuwa nikiwaandikia wainjilisti nilijiwekea masharti. Somo liwe moja na fupi, kwa sababu watu wamesimama, wana njaa, wengine hawajalala. Usieleze kwa nini Mungu ameruhusu, maana hujui. Usihukumu aliyelala ndani ya sanduku. Watoto walioachwa watajwe kwa majina, mbele ya ukoo wote, ili kesho mtu asijifanye hakuwaona. Na juu ya mali ya mjane sema waziwazi, palepale, kabla wanaume hawajaenda kukaa kikao cha ukoo. Sharti hilo la mwisho lilinipatia maadui. Mzee mmoja alikuja nyumbani kuniambia kwamba kazi ya mchungaji ni kuombea marehemu na kwamba mashamba yana wenyewe. Nilimkaribisha chai, nikamsomea Isaya 1 pale panapoamriwa kumtetea mjane, akanywa chai yake akaondoka bila kukubali. Lakini mahubiri yale wainjilisti waliyasoma hivyohivyo, na wako akina mama ambao bado wanalima mashamba ya waume zao.

Karatasi zikawa nyingi, zikawa kaunta buku zima, na hapo ndipo mke wangu aliposema kitu hiki ni kitabu. Nilidhani kuandika ndiko kazi yenyewe. Kumbe baada ya kuandika kuna kuchapisha, na hiyo ni kazi nyingine kabisa, isiyofundishwa chuoni. Kwanza steshenari, ambako kijana wa kompyuta alichapa Maandiko akiruka mistari, nikakaa naye bega kwa bega. Kisha wachapaji, wanaotaka nusu ya fedha mbele na kukuambia nakala zikiwa chache bei ya moja inapanda. Ni kweli inapanda, kwa sababu gharama ya kutayarisha mashine ni ileile uchapishe vitabu mia au elfu. Kisha namba ya kitabu ya kimataifa, ISBN, inayotolewa na Maktaba ya Taifa. Mchungaji anayewaza kuchapa naomba anisikilize hapa: prufu, yaani nakala ya kusahihishia kabla ya kuchapa, isomwe na mtu mwingine, siyo wewe, maana jicho lako linasoma unachokumbuka. Kwangu aliisoma mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzee wa kanisa, na kalamu nyekundu yake ya darasani.

Fedha za awali zilitoka kwenye viazi vya mke wangu. Nalisema hili kwa sababu katika vitabu vya wachungaji jina la mama mchungaji hukaa kwenye mstari mmoja wa shukrani, na ukweli ni kwamba bila gunia zile za viazi hakuna kitu ningechapa. Posho ya mchungaji wa usharika wa kijijini hutegemea sadaka, na sadaka hutegemea mavuno. Mwezi wa njaa unakuta kapu lina mayai, kuku mmoja na mafungu ya maharage. Baada ya ibada vitu vinapigwa mnada nje ya kanisa, na kinachopatikana kigawanywe kati ya mgao wa dayosisi, ukarabati wa paa, mafuta ya pikipiki, na mwisho kabisa watumishi. Nimekaa miezi bila posho. Wainjilisti walikaa muda mrefu kuliko mimi, na hawakuacha kuzika.

Nazungumza sana juu ya mazishi, lakini kinachomchosha mchungaji zaidi ni vikao. Kaburini watu wanapendana. Kwenye kikao cha kiwanja, au cha kwaya mbili zinazogombea nani aimbe sikukuu ya mavuno, utasikia maneno yanayokunyima usingizi wiki nzima. Kuna mgogoro wa mpaka kati ya kanisa na jirani ambao niliukuta, nikauhudumia miaka yote, nikamwachia aliyenifuata. Kuna mwaka mtunza hazina na katibu hawakusalimiana, wote wawili walikuwa wanashiriki meza ya Bwana kwa mkono wangu, na kila mmoja alikuja kwangu kwa siri kuniuliza kwa nini namruhusu mwenzake. Halafu uhamisho. Barua inakuja, mke ana shamba halijavunwa, watoto wako katikati ya muhula, na waliokulilia wakati wa kukuaga wanakusahau kama ilivyo haki yao, kwa kuwa wana mchungaji mwingine wa kumlea sasa.

Katikati ya hayo mtu ataandika saa ngapi? Wengi wa wachungaji wenzangu wananiuliza hivyo, na jibu langu haliwapendezi: alfajiri, kabla watu hawajaanza kubisha hodi. Mchungaji hana mchana wake mwenyewe. Niliamka wakati jogoo wa kwanza akiwika, nikavaa koti zito, kwa maana mwezi wa sita na wa saba Makete umande unaganda kwenye majani, nikaandika kwa taa ya chemli hadi nisikie mlango wa jikoni. Siku ya ibada sikuandika. Siku ya msiba mzito pia sikuandika; nilijifunza kwamba maneno ya jioni ile huwa na hasira ndani yake, na msomaji wangu hana kosa.

Kazi ya pili ilikuwa historia ya usharika. Ndani ya kabati la ofisi tulikuwa na vitabu vya ubatizo vya enzi ya wamisionari Wajerumani wa Misheni ya Berlin, waliofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891 kisha wakapanda milimani kwa Wabena na Wakinga. Kurasa za mwanzo zimeandikwa kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani ambao hata Mjerumani wa leo anausoma kwa shida. Panya walikuwa wameanza kula pembe. Nikaona nisipofanya kitu, wajukuu wa waliobatizwa mle hawatakuwa na pa kuwatafuta.

Utajiri mkubwa, hata hivyo, haukuwa kabatini. Vita vya kwanza vya dunia vilipowakuta Wajerumani na kuwaondoa, makanisa yetu ya kusini yaliachwa mikononi mwa walimu Waafrika. Wamisionari wa Kiskoti wa misheni ya Livingstonia, katika Malawi ya leo, walikuja kusaidia kuyaangalia, lakini walikuwa wachache na nchi ni kubwa. Wajerumani walirudi katika miaka ya 1920, vita vya pili vikawaondoa tena. Sasa soma vitabu vingi vya historia ya misheni: kipindi hicho kinapita kwa aya moja, utadhani kanisa lilisimama likangoja. Nikawauliza wazee, na wazee walikuwa na majibu. Walinitajia walimu waliopiga kengele, waliofundisha katekisimu kwa kukariri kwa sababu vitabu havikutosha, waliotembea siku nzima kwenda kuombea mgonjwa. Miaka hawakuitaja kwa namba. Walisema mwaka wa nzige, mwaka wa njaa ile, mwaka waliporudi wapagazi wa vita na wengine wasirudi. Kazi yangu ikawa kulinganisha kumbukumbu hizo na tarehe za ubatizo: bibi akisema kaka yake alibatizwa mwaka wa nzige, nafungua kitabu namtafuta kaka, naupata mwaka.

Kwa akina mama ilikuwa ngumu zaidi. Vitabuni mwanamke ameandikwa "mke wa fulani", wakati mwingine bila hata jina la ubatizo. Nilipoenda kuwahoji nyumbani, mume alikuwa ndiye anayejibu. Nikajifunza kwenda na mke wangu, yeye akaketi jikoni nao wakimenya viazi, mimi nikaketi uani na baba mwenye nyumba. Aliyoyaleta kutoka jikoni ndiyo sehemu bora ya kitabu kile. Huko ndiko tulikojua kwamba mtaa mmoja ulianzishwa na mjane aliyekuwa akiwakusanya watoto chini ya mti baada ya palizi, miaka mingi kabla ya mwinjilisti yeyote kutumwa. Kwenye maandishi ya ofisini mtaa huo una mwanzilishi mwingine, mwanamume. Nimeandika yote mawili, na nimesema ni lipi ninaloamini.

Lililonisumbua katika kazi zote hizi ni siri. Daktari ana siri, lakini mchungaji amebeba siri za kijiji kizima, na anapoandika kila kitu kizuri alicho nacho ni cha mtu mwingine. Nimekaa na wanaume waliokiri kitandani kwamba walijua wana virusi wakati wanaoa. Nimekaa na binti aliyeacha mtoto. Mambo hayo yangefanya kitabu kisomwe nchi nzima, na hakuna hata moja nililoliandika. Kubadilisha jina hakusaidii. Kijijini mtu anatambulika kwa mlima anaotoka, idadi ya watoto, rangi ya bati. Hata yale yasiyo ya maungamo, yaliyotokea hadharani, nilirudi kwa wenyewe nikawasomea kabla ya kuchapa. Mama mmoja alisikiliza ukurasa wote juu ya mwanawe, akalia, akasema, "Umeandika vizuri, baba. Lakini usiweke." Ulikuwa ukurasa bora kuliko yote niliyowahi kuandika. Niliutoa. Namwambia kila mchungaji anayeshika kalamu kwamba siku atakapoona ugumu kuutoa ukurasa wa namna hiyo, aende kwanza akamtembelee mwenye ukurasa.

Katika miaka migumu nilipata faraja kwa mtu wa mbali. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akawazika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Katika mwaka huohuo wa makaburi alikuwa anaitafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Alikufa mwaka 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka 1882. Mmisionari mwenzake Rebmann aliandika kule Rabai, karibu na Mombasa, mpaka macho yakapofuka. Sikubaliani na kila walichofikiri juu ya watu wetu, na wapo waliolieleza hilo vizuri. Lakini nikiwa na rasimu iliyokataliwa na wachapaji, na posho haijafika, ilinisaidia kujua kwamba mtu alizika jamaa yake na akaendelea kutafuta neno sahihi la sura ya kwanza ya Biblia kwa lugha ninayohubiria.

Halafu zamu yangu ikafika. Mama yangu mzazi alifariki, nikaenda nyumbani kama mtoto aliyefiwa, bila kanzu. Mchungaji wa pale alikuwa safarini, na mwinjilisti wa mtaa, kijana ambaye hatukujuana, ndiye aliyeongoza. Aliponyanyuka kuhubiri alitoa kijitabu changu, kimechakaa, jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi. Hakujua kwamba mwandishi amesimama mbele yake na udongo mkononi. Alisoma neno la kuzika mzee aliyeshiba siku, na nikalisikia kwa mara ya kwanza nikiwa upande ule mwingine. Sehemu mbili zilinifariji kweli. Sehemu moja, pale nilipoandika kwamba tusilie sana kwa kuwa amemaliza mwendo, ilinichoma. Mtoto wa mama hataki kuambiwa kiasi cha kulia. Katika chapa ya pili sentensi hiyo haimo. Kijana yule nilimshukuru kwa mahubiri yake, na jina la mwandishi sikulitaja.

Sasa nimeanza kazi ya tatu, na hii inaenda polepole kuliko zote. Inahusu nyumba ya mchungaji mwenyewe. Mchungaji akifa akiwa kazini, nyumba ni ya usharika, na mchungaji mpya akipangwa anahitaji pa kulala. Mjane huyo, ambaye miaka yote amepikia wageni wa jimbo na kulala peke yake wakati mumewe yuko misibani, anaanza kutafuta pa kwenda na watoto. Wengi wa wachungaji wa kizazi changu hawakujenga, sehemu kwa sababu hawakuwa na fedha, sehemu kwa sababu kujenga ukiwa kazini kulionekana kama kutomwamini Mungu. Nataka kuandika waziwazi juu ya hilo: usharika ufanye nini mwezi wa kwanza, mfuko wa wajane uchangiwe vipi, mtumishi aanze lini kuweka tofali lake bila kuonewa haya. Wachungaji vijana nimewaomba wanipe maoni, na barua zao ni nzito kuliko nilivyotegemea.

Sura ya wajane bado ni tupu. Safari hii sitaiandika mimi. Akina mama kadhaa wamekubali kuandika wenyewe au kumsimulia mke wangu, kwa sharti kwamba hakuna mwanamume atakayegusa maneno yao, hata mimi, hata mhariri. Wamesema tusubiri wamalize kuvuna viazi.